Vikombe Viwili vya Maji Vilivyoua Sufuria

Mliokuwepo kwenye maonyesho ya mapishi Jumamosi ile chini ya mwembe, hapa Kirumba, Mwanza, mnajua ni dakika gani ninayoizungumzia. Rojo la viazi lishe na dagaa limeshaiva. Limeshika mwiko, linadondoka taratibu, bonge kwa bonge, kama kila kadi ya unasihi inavyomwonyesha mama wa mtoto wa miezi tisa. Bibi mmoja wa benchi la mbele anasema, "Mayu, hilo litampalia mtoto." Dada mpishi anaitazama sufuria, anamtazama bibi, anachukua kikombe cha bati cha nusu lita, anachota maji ya moto jiko la pili, anamimina. Anakoroga. Anachota tena. Anamimina tena.

Pishi likafa pale pale, mbele ya akina mama wapatao arobaini.

Kabla ya hapo kazi ilikuwa safi: dagaa walitolewa vichwa na mchanga, wakakaushwa kikaangoni bila mafuta, wakasagwa, wakachekechwa, viazi vilichemshwa na maganda yake, kitunguu na nyanya viliiva, karanga za kukaanga zilizosagwa na kijiko cha mafuta ya alizeti vikaingia mwishoni. Hapo sina neno.

Turudi kwenye kikombe. Sufuria ilikuwa na rojo la takriban lita moja, na kwa mchanganyiko ule kila gramu ilibeba karibu kilokalori moja. Ukiongeza lita moja ya maji unapata lita mbili za kitu ambacho kila gramu yake imebaki na nusu. Shirika la Afya Duniani linataka chakula cha nyongeza kisishuke chini ya kilokalori 0.8 kwa gramu, kwa sababu tumbo la mtoto ni dogo na halinyumbuki kwa kubembelezwa. Mtoto wa miezi tisa anayenyonya anahitaji kama kilokalori 300 kwa siku kutoka nje ya ziwa la mama. Kipimo chake ni nusu bakuli la mililita 250, mara tatu au nne kwa siku. Akila nusu bakuli la rojo la kwanza mara tatu, amepata 375, amevuka. Akila la pili mara tatu, amepata chini ya 190. Hata ukimlisha mara nne, anaishia 250. Mama atarudi nyumbani akiamini mtoto ameshiba, maana bakuli limeisha na tumbo limejaa. Limejaa maji.

Hesabu hiyo ni ya nishati peke yake. Kila ambacho dada alikipima kwa uangalifu kilikatwa nusu pia: madini ya chuma ya dagaa, protini, mafuta yanayosaidia mwili wa mtoto kuichukua vitamini A ya kiazi. Kiazi chenyewe kimetoka mbali. Robert Mwanga wa Uganda, aliyezalisha aina ya Kabode tunayoilima hadi upande huu wa ziwa, alishiriki Tuzo ya Chakula Duniani ya mwaka 2016 kwa kazi hii ya viazi vya rangi ya chungwa. Miaka mingi ya kuchagua mbegu ili kiazi kiwe na vitamini nyingi, kiwe kikavu, kiwe kitamu. Ukavu ule uliotafutwa shambani ndio uliokuja kuonekana kosa jikoni.

Kilichofuata kilitokana na kikombe kilekile, ndiyo maana sikihesabu kuwa kosa la pili. Mtoto wa kwanza kuonjeshwa aligeuza uso. Bila shaka angegeuza. Dagaa waliokuwa wakinukia vizuri dakika tano nyuma walikuwa wamezama, kitunguu hakisikiki, kiazi kimepoa ladha. Rojo zito lilikuwa na ladha ya supu ya dagaa iliyokolea, ladha nono inayofanana na ile ya maziwa ya mama. Maji yaliifuta. Dada mpishi, akiwa na aibu ya mtoto aliyekataa mbele ya watu, akachukua sukari. Vijiko vitatu.

Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2023 kwa watoto wa miezi 6 hadi 23 umekataa sukari ya kuongezwa, lakini mimi naipinga kwa sababu iliyo karibu zaidi na sufuria. Mtoto anajifunza kula kama anavyojifunza kusema, kwa kurudiarudia. Julie Mennella na wenzake, Philadelphia, walichapisha mwaka 2001 utafiti wa akina mama waliokunywa maji ya karoti wakiwa wajawazito au wakinyonyesha. Watoto wao walipoanza kula walionekana kuufurahia uji wenye ladha ya karoti kuliko watoto wengine. Ladha hupita kwenye maji ya uzazi na kwenye maziwa. Mtoto wa Kirumba aliyenyonya kwa mama anayekula dagaa wa soko la Mwaloni ameshawaonja kabla hajaota jino. Anachohitaji ni kukutana nao mara nane, mara kumi, kwenye kijiko, bila kuwafunika. Ukimwekea sukari siku ya kwanza umemfundisha sukari, na kesho atadai sukari.

Sasa, bibi. Wapo waliomlaumu baadaye, nami sikubaliani nao. Hofu yake ni ya kweli na ametunza watoto wengi kuliko mpishi na mimi tukijumlishwa. Lakini jibu lake lilikuwepo na hakupewa. Mtoto hapaliwi na uzito wa rojo laini lililochekechwa; anapaliwa na mfupa wa sato, na bonge lisilopondwa, na uji mwepesi anaomiminiwa mdomoni akiwa amelazwa mapajani. Akae wima, kijiko kidogo, asubiriwe ameze. Dada angesema hivyo, akampa bibi kijiko aonje mwenyewe, na mjadala ungeisha kwa heshima. Badala yake alimjibu kwa kikombe.

Na kama bado rojo lilihitaji kulainika, na mara nyingine linahitaji, hasa kwa mtoto wa miezi sita au saba, kulikuwa na njia tatu kabla ya maji. Maziwa ya mama yaliyokamuliwa. Supu ya samaki iliyochujwa. Na njia ya tatu, ambayo nimeiandika hapa mara nyingi na nitaendelea kuiandika, ni kimea.

Watafiti wetu walishalimaliza suala hili. A. C. Mosha wa hapa nchini na Ulf Svanberg wa Sweden walichapisha mwaka 1983 kazi iliyoonyesha kuwa unga kidogo wa kimea, yaani nafaka iliyooteshwa, ukiingia kwenye uji mzito kama ugali laini, unaufanya uteleze kama uji wa kunywa bila kuongeza tone la maji. Uji unabaki na unga wote uliokuwa nao. Vimeng'enya vya kimea vinakatakata wanga, na wanga uliokatwa hauvuti tena maji. Tena, na hapa ndipo ninapoumia kila nikiikumbuka Jumamosi ile, wanga huo ukikatwa unageuka sukari yake yenyewe. Rojo linalainika na kuwa tamu kwa pamoja. Kijiko kimoja cha kimea kingefanya kazi ya vikombe viwili vya maji na vijiko vitatu vya sukari, na kisingechukua chochote.

Baada yao Wilbald Lorri na Svanberg walionyesha mwaka 1994 kuwa watoto waliolishwa uji uliochachushwa, jamii ya togwa, waliharisha kidogo kuliko wale waliokula uji wa kawaida. Taasisi ya Chakula na Lishe ilikuwepo tangu 1973, watu walikuwepo, maarifa yalikuwepo. Kizazi kile kilianza na kile ambacho bibi zetu wanakijua, kikakipima, kikakirudisha kwa akina mama kikiwa na vipimo. Hayo ndiyo maonyesho ya mapishi ninayoyalinganisha na haya ya leo, na kila mwaka pengo naliona linapanuka.

Bibi yangu mzaa mama, kule Magu, hakujua neno kimeng'enya. Alikuwa na kibuyu cha kimea cha ulezi juu ya kichanja. Analoweka usiku mmoja, anaotesha siku mbili au tatu chini ya gunia lenye unyevu, anaanika juani, anafikicha vichipukizi na kuvipepeta vyote, anasaga. Alipendelea ulezi, na alikuwa sahihi: vichipukizi vya mtama vina sumu ya jamii ya ile ya muhogo mchungu, kwa hiyo mwenye kimea cha mtama hana ruhusa ya uvivu wa kufikicha. Sufuria ikishatoka motoni alikuwa anasubiri. Ukitia kimea kwenye uji unaochemka unakiua, hakifanyi kazi. Rojo lipoe hadi mvuke upungue, lakini liwe la moto bado, kijiko kimoja cha chakula kwa sufuria ndogo, koroga, ngoja dakika chache uone linavyolegea. Kisha lirudishe motoni lichemke tena, kwa kuwa unga mbichi haukosi vijidudu.

Nitasema na lile la unga wa lishe, maana lilijitokeza kwenye maswali na dada alilipitisha haraka. Mama mmoja aliuliza kama anaweza kuacha viazi na dagaa akanunua mfuko wa nafaka saba, wenye soya na karanga humohumo. Jibu alilopewa ni kwamba "yote ni lishe". Si kweli. Karanga zilizosagwa na kukaa wiki kadhaa kwenye mfuko mmoja na mahindi zinachacha mafuta, na zikiwa na unyevu zinaota ukungu wa sumukuvu, ile iliyoua watu Dodoma na Manyara mwaka 2016 kupitia mahindi. Soya isiyopikwa kwanza inamzuia mtoto kuimeng'enya protini yenyewe. Nafaka moja inatosha. Karanga zisagwe chache, ziingie sufuriani siku ya kupika. Mtu anayeishi hatua chache kutoka Mwaloni, ambako magunia ya dagaa yanashushwa kutoka visiwani, hana sababu ya kutafuta protini kwenye mfuko ambao hajui ulisagwa lini.

Dada mpishi ana mikono mizuri. Namna alivyowakausha dagaa hadi wakavunjika kwa kidole bila kuungua, sijaiona kwa wengi. Ndiyo maana nimeandika aya zote hizi juu ya kikombe.

Wakati watu wanatawanyika, mama aliyesimama mbele yangu, mtoto mgongoni, alikuwa akiandika pishi lile kwenye simu. Nilichungulia. Viazi vitatu, dagaa vijiko viwili, karanga, alizeti, vyote kwa mpangilio. Mstari wa mwisho: maji ya moto vikombe viwili, sukari vijiko vitatu. Nilimwomba aufute. Akauliza aweke nini badala yake, nikamwambia kimea cha ulezi. Akacheka, akasema mama mkwe wake anapika pombe Kitangiri, kimea kimejaa ndani ya nyumba, na hakuna aliyewahi kumwambia kwamba mtoto naye anakihitaji. Akafuta mstari, akaandika upya, kisha akaniuliza lipoe kiasi gani.