Mlilana, Herufi Saba

Nilipokuwa mkufunzi katika chuo cha ualimu nilikuwa na desturi ya kuwatungia wanachuo fumbo la miraba kila mwisho wa wiki, mfano wa zile chemsha bongo za magazetini. Safari moja niliweka kidokezo: mti mmojawapo wa mikokoni, herufi saba. Jibu langu lilikuwa mkandaa. Kijana mmoja wa Delta akaandika mlilana, nami nikamwekea kosa na kumkata alama mbili. Hakubisha. Alisema tu kwamba kwao mizizi ya mti huo, ile inayochomoza matopeni, ndiyo inayochongwa maboya ya nyavu.

Hebu hesabu mwenyewe, ndugu msomaji. Maneno yote mawili yana herufi saba, yote yanaanza na m na kuishia na a, na katika mraba wangu ni herufi hizo mbili tu zilizokutana na maneno mengine. Fumbo lilikuwa bovu, na mtungaji wake ni mimi.

Jambo hilo limenirudia hapa Kibiti, baada ya mjukuu wangu kunitilia kamusi katika simu ili nisihangaike na majalada mazito. Mimi si adui wa vyombo hivi. Kamusi ya Kiswahili Sanifu ya 1981 ndiyo iliyonilea kazini. Nililipokea kwa furaha toleo la 2004, kisha Kamusi Kuu ya BAKITA ya 2015. Najua pia kwamba tangu 1994, Martin Benjamin alipoanzisha mradi wake wa kamusi katika Chuo Kikuu cha Yale, Kiswahili kimekuwa na mlango katika intaneti. Mtu anayetafuta maana ya neno hana sababu ya kulalamika.

Lakini mjaza miraba hatafuti maana. Maana anayo, amepewa katika kidokezo. Anajua idadi ya herufi, anaijua ya tatu na ya tano. Neno lenyewe ndilo lililompotea. Kamusi nilizozijaribu katika simu zinataka nianze na herufi ya kwanza, yaani nilijue neno kabla ya kulitafuta! Kwa Kiingereza shida hii ilikwisha zamani: OneLook, iliyoanza 1996, humruhusu mtu kuandika alama ya kuuliza mahali pa kila herufi asiyoijua.

Wala haitoshi kuchukua chombo cha Waingereza na kukimwagia maneno yetu. Jibu likiwa nyuso, kamusi imeliweka chini ya uso, kwenye u, na anayepekua ny atatoka mikono mitupu. Kuta za nyumba ziko chini ya ukuta. Vitenzi navyo vinanyambulika hadi mtu achoke: pika, pikia, pikisha, pikiana, na mtunzi wa fumbo ana haki ya kutumia lolote kati ya hayo. Halafu kuna ng'ombe. Katika miraba tunamwandika kwa herufi sita, lakini mashine huihesabu ile ritifaa kuwa alama ya saba, hivyo ukiomba maneno ya herufi sita ng'ombe hayumo zizini. (Nilicheka peke yangu mpaka mjukuu akauliza kulikoni.) Aliyezitengeneza kamusi hizi alimfikiria mgeni anayejifunza lugha. Mzee mwenye kalamu ya risasi na gazeti hakumfikiria.

Mwishowe tulijitengenezea chetu. Nilishuka Nyamisati, nikaketi na wavuvi, nikaandika majina ya miti ya mikokoni kama walivyonitajia: mkoko, mchu, msinzi, mkomafi, mkandaa, mlilana, msikundazi. Mjukuu akayapanga katika Excel, neno moja kila mstari, kisha akaniambia, "Babu, andika herufi unazozijua, pengine pote tia alama ya kuuliza." Niliandika m, alama tano za kuuliza, na a.

Yakatokea maneno mawili, mkandaa juu, mlilana chini yake. Yule kijana sasa naye ni mwalimu mstaafu, na alama zake mbili sijamrudishia.