Yua, Njaa na Ukame: Tatizo la Visawe katika Kufasiri Majina ya Njaa za Ukambani

Suala la visawe huzungumzwa sana katika madarasa yetu ya semantiki, na aghalabu hukomea pale pale. Tunakubaliana kwamba hakuna maneno mawili yaliyo sawa kabisa kimaana, tunatoa mifano miwili mitatu, kisha tunaendelea na somo jingine. Makala hii inakusudia kulitazama suala hilo mahali ambapo kukosea kisawe kuna gharama, nako ni katika tafsiri za majina ambayo Wakamba wa Kitui na Makueni wamezipa njaa zao. Majina hayo ni fasihi simulizi iliyo fupi mno, pengine neno moja tu. Bibi humweleza mjukuu kuwa alizaliwa katika njaa fulani, na jina likishatajwa umri wake umejulikana. Hata hivyo, kazi ya jina haiishii katika kuhesabu miaka. Ndani yake mna hukumu ya watu juu ya yaliyowapata.

Katika rasimu za tasnifu na tafsiri ambazo nimezisoma kwa miaka kadhaa, majina haya huishia kuwa “ukame wa mwaka fulani”. Kwa maoni yangu hilo ni kosa, na chanzo chake si udhaifu wa Kiswahili wa wanafunzi wetu. Chanzo chake ni Kiingereza wanachokisoma kabla ya kuandika Kiswahili.

Kiingereza kina maneno manne yanayokaribiana katika uwanja huu: ‘drought’, ‘famine’, ‘hunger’ na ‘starvation’. La kwanza limetokana na neno lenye maana ya ukavu; ni habari ya mvua na ardhi, wala halimhitaji binadamu, kwani hata jangwa lisilokaliwa na mtu laweza kuwa nalo. ‘Hunger’ lakaa ndani ya mwili wa mtu mmoja. ‘Famine’, lenye asili ya Kilatini, ni la umma mzima, na huja kama mgeni asiyetumwa na yeyote. ‘Starvation’ ndilo kali kuliko yote. Kitenzi chake hapo kale kilimaanisha kufa tu, kwa sababu yoyote, kama kinavyomaanisha hadi leo kile cha Kijerumani kilicho nduguye. Baadaye kikafinywa kikawa kufa kwa kukosa chakula. Tena kitenzi hicho huchukua yambwa: mtu aweza kumtenda mwenziwe hivyo. Katika tamthilia ya George Bernard Shaw ya mwaka 1903, Man and Superman, yumo mhusika wa asili ya Ireland anayelikataa neno ‘famine’ kuhusu maafa yaliyoikumba nchi yake katika miaka ya 1840, na kusisitiza ‘starvation’. Hoja yake ni kwamba nchi iliyokuwa ikisafirisha chakula nje haikupatwa na njaa, bali ilinyimwa. Mhusika huyo anachagua mshitakiwa kwa kuchagua kisawe.

Je, Kiswahili? Tunayo “njaa”, “ukame”, “kiangazi”, “baa la njaa”, na katika lugha ya ofisini “upungufu wa chakula”. Kiangazi ni majira ya kawaida na hakimtishi mtu. Ukame ni kiangazi kilichopita mpaka wake. “Njaa” ndilo neno linalobeba mzigo mkubwa, kwa kuwa ni hali ya tumbo la mtu aliyechelewa kula mchana na pia ni msiba wa nchi nzima. Methali isemayo kuwa mwenye njaa hana miiko hutumika kwa wote wawili. Kikamba hakichanganyi hivyo: nzaa ni ya tumbo, na yua ni ya nchi. Yua ndiyo hupewa jina. Sikio la msemaji wa Kiswahili huvutwa kusikia “jua” ndani ya “yua”, na nimeona mwanafunzi akijenga aya nzima juu ya mfanano huo. Tusiutegemee, maana ndio unaotusukuma tena kwenye ukame.

Sasa tuyatazame majina yenyewe. Njaa kubwa ya mwishoni mwa karne ya 19, iliyofikia ukali wake mnamo 1898 na 1899, huitwa Ngomanisye, jina linalofasiriwa kuwa iliyoenea kote na kuwakuta watu wote kwa pamoja. Miaka hiyo ndiyo reli kutoka Mombasa ilipokuwa ikikatiza nchi ambayo leo ni Makueni kuelekea Nairobi. Jina halitaji mvua. Linataja kwamba hapakubaki jirani wa kukimbilia. Na hilo ni jambo zito kwa watu ambao kinga yao ya kale dhidi ya njaa ilikuwa kwenda kwa jamaa na marafiki wa upande wa pili kubadilishana mali kwa chakula. Njaa ya 1961 ni Ndeke, yaani ndege, kwa ajili ya eropleni zilizoleta chakula. Ile ya katikati ya miaka ya 1960 ni Atta, unga, kwa neno lililotoka Bara Hindi. Majina haya mawili yanamkumbuka mletaji na alicholeta. Mtu aweza kuyasoma kama shukrani. Mimi nasikia pia kejeli kidogo, kwamba mlo umekuwa kitu cha kungojewa kutoka angani, ingawa nakiri kuwa kejeli hiyo haimo katika neno. Imo katika jinsi baadhi ya wazee wanavyolitamka.

Lililo tajiri kuliko yote ni la nusu ya kwanza ya miaka ya 1980: Nikw’a Ngwete. Hii si nomino kama yale mengine. Ni sentensi kamili, tena katika nafsi ya kwanza. Anayesema ni mtu anayekufa, na anasema kuwa anakufa huku ameshika. Ameshika nini, jina halisemi. Kila msikilizaji wa Kikamba hujua kuwa ni fedha: watu walikwenda madukani na pesa mkononi wakakuta hamna mahindi wala unga wa kununua. Mwaka 1981 Amartya Sen alichapisha kitabu chake Poverty and Famines, ambamo alionyesha, akitumia miongoni mwa mifano mingine njaa ya Bengal ya 1943, kwamba watu waweza kufa njaa ilhali chakula kipo, kwa kuwa hawana uwezo wa kukipata. Jina la Ukambani linaonyesha upande wa pili wa shilingi hiyo hiyo: uwezo upo kiganjani, na hautambuliki tena. Mkulima aliyeambiwa kwa miaka mingi kuwa fedha ndiyo ghala jipya aligundua kuwa ghala hilo haliliki. Ukilifasiri jina hili kuwa “ukame wa miaka ya themanini” unakuwa umeondoa soko, duka, serikali na mkono wenyewe, ukaacha mawingu tu.

Hapa ndipo suala linapotoka darasani. Kaunti za Kitui na Makueni ni miongoni mwa kaunti 23 kame zinazofuatiliwa na mamlaka ya taifa iliyoundwa mwaka 2011, ambayo katika jina lake la Kiingereza lipo neno ‘drought’. Mwaka huo huo Umoja wa Mataifa ulitangaza ‘famine’ katika sehemu za Somalia, kwa kutumia kipimo cha daraja tano ambacho hulihifadhi neno hilo kwa daraja la mwisho. Sidai kuwa wataalamu hao walikosea. Kipimo kinachowezesha msaada kugawanywa kwa haki kinahitaji maneno yenye mipaka. Lakini kipimo hupima kiasi, na majina ya yua hayapimi kiasi. Yanauliza nani alikuja, nani hakuja, na mkononi mlikuwa na nini. Mfasiri anayeazima msamiati wa kipimo ili kufasiria majina hayo amehama kutoka swali moja hadi jingine bila kumwambia msomaji.

Pengine patatokea mwenzetu atakayependekeza “baa la njaa”. Lina nguvu, nami ningelikubali kwa Ngomanisye. Kwa Ndeke na Atta halifai, kwa sababu baa hushuka lenyewe, na majina hayo yanahusu kilichopelekwa na watu. Kwa jumla naona ni afadhali tuiache “yua” kama ilivyo, tuieleze mara moja, kisha tuitumie kama tunavyotumia istilahi nyingine za fasihi simulizi za makabila yetu.

Kuhusu Nikw’a Ngwete, tafsiri nilizowahi kuziona huongeza “pesa” ili kumsaidia msomaji. Ningependelea “Nakufa Nimeshika”. Katika Kiswahili kitenzi “shika” kikiachwa bila yambwa hukaa vibaya, na msomaji hana budi kuuliza: umeshika nini? Swali hilo ndilo aliloulizwa mwenye duka, na mfasiri hana sababu ya kulijibu kwa niaba yake.