Ukumbusho wa Nani?

Marehemu Mbaraka Mwinshehe alifariki kwa ajali ya gari karibu na Mombasa mwezi Januari 1979, akiwa na umri wa miaka 34. Miaka ya 1980 kampuni ya Polygram ya Nairobi ilizitoa upya nyimbo zake katika mfululizo uitwao Ukumbusho. Kaseti zangu zilikuja Kigoma kwa garimoshi.

Sina mkusanyo niupendao zaidi. Gitaa lake la solo halijachuja hata leo. Ukimsikiliza akiwa Morogoro Jazz, kisha ukamsikiliza katika Super Volcano, bendi aliyoiunda mwaka 1973, waona jinsi mtu akuavyo. “Shida” pekee yatosha kuhalalisha bei.

Lawama yangu ni moja. Kampuni hukusanya kilichomo ghalani mwake, yaani santuri zake. Lakini Mbaraka tuliyemjua sisi wa ziwani alitufikia zaidi kwa Redio Tanzania, na kanda za redio zilibaki redioni. Kwa hiyo jina Ukumbusho ni kubwa kuliko kilichomo.

Mimi na marehemu mke wangu tulicheza mara ya kwanza Ujiji, uani kwa jirani mwenye redio. Wimbo ule nimeutafuta katika kaseti zangu zote; haumo. Jina lake silikumbuki, sauti naikumbuka. Jioni, nikitembea ufukweni, naupiga kwa mluzi. Mjukuu wangu ameshaushika.