Herufi Moja katika Utando wa Kimelea

Protini chukuzi iitwayo PfCRT ni utungo wa asidi amino 424, uliofumwa katika utando wa kifuko ambamo kimelea cha malaria, Plasmodium falciparum, humeng'enyea himoglobini ya damu yetu. Uzi wake huuvuka utando huo mara kumi, ukipinda na kurudi, hata misokoto kumi ikaketi kuuzunguka uwazi mmoja. Na uwazi huo wastahili kusomwa polepole, kwa kuwa ndimo ilimoamuliwa hatima ya klorokwini, dawa chungu iliyowawasha ngozi wengi wetu utotoni.

Klorokwini huingia kifukoni kwa wepesi, lakini uchachu wa humo huivisha chaji chanya mbili, na kwa vazi hilo haiwezi tena kuupenya utando irudi nje. Hurundikana, ikizuia himu, mabaki yenye sumu ya mlo wa kimelea, isigeuzwe fuwele zisizodhuru. Kimelea hufa kwa sumu ya chakula chake. Katika umbo la asili, nafasi ya 76 ya protini hukaliwa na laisini, nayo ina chaji chanya vilevile: chanya husukuma chanya, na njia ya kutokea hufungika.

Tazama basi uhariri wenyewe. Katika jeni, AAA imekuwa ACA. Laisini imeondoka, treonini isiyo na chaji imeketi mahali pake. Ukuta umebaki, tundu halikupanuliwa. Msukumano tu umefutwa, na dawa ikatoka. Huu ni ubanifu ambao mtunzi yeyote wa arudhi angeuonea wivu. Hata hivyo, kuisifu herufi hiyo peke yake ni kusoma nusu ya ubeti, kwani katika vimelea sugu vya Afrika huandamana na mabadiliko mengine kadhaa, yakiwemo ya jirani zake wa nafasi za 74 na 75, kama mshairi aliyebadili kina kimoja akalazimika kuirudia mishororo mingine ili mizani itulie.

Wala haikutulia kikamilifu: pasipo klorokwini, umbo lililohaririwa hukilemea kimelea chenyewe. Malawi iliiacha dawa hiyo mwaka 1993, na vimelea vyenye treonini vikapungua hadi kutoweka. Mwaka 2006 watafiti wakaripoti kuwa klorokwini iliwaponya karibu watoto wote waliopewa mjini Blantyre. Herufi haikusahihishwa. Nakala za kale, zilizosalia chache pembeni, ndizo zilizozaana upya.