Sarafu Iliyobaki Kiganjani

Anayetaka kujifunza mazingaombwe huanza kwa kuulizia siri: sarafu imekwenda wapi, karata imepandaje juu. Siri hizo hazijafichwa sana. Zimo vitabuni tangu mwaka 1584, pale Reginald Scot, mtu wa Kent nchini Uingereza, alipochapisha The Discoverie of Witchcraft. Scot hakuishi kwa mazingaombwe. Kilichomsukuma kuandika ni vikongwe maskini waliokuwa wakishtakiwa uchawi na kunyongwa. Akaona aonyeshe kwamba mengi yanayotisha watu ni wepesi wa mikono tu: namna pesa inavyopotezwa mkononi, namna vijipira vinavyohamishwa, namna kisu kilichotengenezwa na pengo katikati kinavyoonekana kupenya mwilini. Kisha akasikitika kwamba kwa kufichua hayo anawaharibia riziki maskini wanaoishi kwa michezo hiyo. Namheshimu kwa yote mawili. Na kwetu Tanzania, ambako bibi vizee wa Kanda ya Ziwa wameuawa kwa sababu ya macho mekundu yaliyotokana na moshi wa jikoni, kitabu hicho hakijazeeka.

Lakini kuijua siri si kuuweza mchezo. Chukua sarafu ya shilingi mia mbili, uishike kwa ncha za vidole vya mkono wa kushoto, gumba upande huu na vidole viwili upande ule, kiganja kikitazama juu. Mkono wa kulia unakuja kana kwamba unaichukua: gumba linapita chini ya sarafu, vidole vinaifunika kwa mbele. Nyuma ya vidole hivyo gumba la kushoto linalegea, sarafu inadondoka kiganjani. Mkono wa kulia unafumba na kuondoka mtupu.

Siri yote ni hiyo, na mtoto wa darasa la tatu ataielewa mara moja. Kazi inaanza hapo. Anayejifunza hukaza ngumi ya kulia mno, akasahau kwamba ngumi yenye sarafu huacha nafasi ndani. Mkono wa kushoto nao hukakamaa, na ukakamavu huo ndio unaomchongea. Zaidi ya yote, macho yake hubaki pale sarafu ilipo. Dawa ambayo walimu wazuri huitoa ni kusimama mbele ya kioo na kuichukua sarafu kwelikweli, tena na tena, ukitazama bega, shingo na macho yako yanavyofanya wakati huna la kuficha. Ukishayajua, iache sarafu nyuma bila kubadilisha chochote kati ya hivyo.

Macho nayasisitiza kwa sababu. Mwaka 2006 watafiti wa Uingereza, Gustav Kuhn na Michael Land, waliwaonyesha watu mpira ukirushwa hewani mara kadhaa, na mara ya mwisho mkono ukarusha bila mpira kutoka. Mrushaji alipoinua macho kuufuata mpira usiokuwepo, watazamaji wengi waliona mpira ukipaa. Alipoutazama mkono wake, walioona hivyo walipungua. Mtazamaji anamwamini mwenzake anayetazama, na mfanya mazingaombwe mahiri huitunza imani hiyo kwa adabu. Wale wa pata potea kwenye vituo vya mabasi wana mikono hiyohiyo, lakini wanaitumia imani kumwacha msafiri bila nauli.

Nikiulizwa pa kuanzia, jibu langu ni kitabu kimoja, kisomwe mpaka kichakae. Kwa sarafu, Modern Coin Magic cha J. B. Bobo, cha mwaka 1952. Kwa karata, The Royal Road to Card Magic cha Jean Hugard na Frederick Braue, kinachokupa mbinu moja, kisha michezo inayoitumia, ndipo kikupeleke mbele. Anayetaka kuonja kila kitu atafute cha Mark Wilson cha mwaka 1975, kilichojaa michoro. The Expert at the Card Table cha mwaka 1902, ambacho mwandishi wake aliyejiita S. W. Erdnase hajafahamika kwa hakika hadi leo, kisubiri kidogo. Ni kweli mfanya mazingaombwe Dai Vernon wa Ottawa alikimeza tangu utotoni, na mwaka 1922 huko Chicago akamzidi ujanja kwa karata Houdini mwenyewe, gwiji wa mazingaombwe, ila akina Vernon ni wachache.

Video zinafaa kwa kuona kasi na mwendo. Kinachonisumbua ni kwamba anayejifunzia humo huishia kuiga vidole vya mtu mwingine, hata kikohozi chake. Sentensi ya kitabu humlazimisha ajaribu kwa mkono wake, akosee, arudi aya ya juu.

Natamani kitabu cha Kiswahili cha namna hii, chenye vitu vya nyumbani kwetu. Mchezo wa vikombe na vijipira, ambao hata Warumi waliujua, hauhitaji vyombo vya kuagiza. Vikombe vitatu vya kahawa, vile vidogo visivyo na mkono ambavyo muuza kahawa huvigonganisha akipita, vinatosha, ilimradi vikipangwa kimoja ndani ya kingine pabaki nafasi ya kijipira. Vijipira visokotwe kwa karatasi ya daftari. Mwandishi aanzie hapo.