Mchoraji na Wateja Wake: Somo la Tshibumba kwa Wanaoandika Kiswahili

Kila mwaka tunaposahihisha mashairi ya wanafunzi wetu, tunakutana na bahari. Mawimbi yanavuma, jahazi linatweka tanga, minazi inayumba. Na mwandishi ni kijana wa Lubumbashi ambaye hajaiona bahari hata siku moja. Nakiri kwamba kazi ya namna hiyo nimewahi kuipa alama za juu. Nyingine, iliyosimulia foleni ya maji kwa lugha ya mtaani, niliijaza wino mwekundu. Aliyeiandika hakuniletea shairi tena. Ndiyo sababu ya kujiuliza hapa: msanii huipotezaje sauti yake, na huipataje?

Mfano tunao karibu. Tshibumba Kanda-Matulu, aliyezaliwa Élisabethville mwaka 1947, aliishi kwa brashi yake. Alichora juu ya vitambaa vya magunia ya unga, kisha akatafuta wanunuzi. Wateja walijua walichotaka: mamba muntu, yaani yule nusu mwanamke nusu samaki, au picha iitwayo «Colonie belge», ambamo askari anamchapa mfungwa fimbo huku afisa Mbelgiji akitazama. Picha kama hiyo ilitundikwa sebuleni, ikaitwa ukumbusho. Mchoraji aliirudia mara nyingi, maana ndiyo iliyoleta unga nyumbani.

Hatumlaumu. Fundi hujifunza kwa kurudia. Lakini Tshibumba alijiona kuwa mwanahistoria, na mwanahistoria hawezi kuridhika na kipande kimoja cha kumbukumbu kilichochaguliwa na mnunuzi. Mwaka 1973 alikutana na Johannes Fabian, mwanaanthropolojia aliyekuwa akifundisha katika chuo kikuu mjini hapa, ambaye alitaka kuiona historia nzima ya nchi. Zikatoka picha zipatazo mia moja, pamoja na maelezo ya mchoraji mwenyewe kwa Kiswahili cha hapa kwetu. Kitabu kilichokusanya kazi hiyo kilitoka mwaka 1996.

Msomaji atapinga: je, profesa huyo naye hakuwa mteja? Alikuwa. Tusidanganyane kwamba sauti ya kweli huzaliwa pasipo msikilizaji. Tofauti ni kwamba wateja wa sebuleni walikuja na jibu, naye alikuja na swali. Nyuma ya maiti za Lumumba, Mpolo na Okito, waliouawa tarehe 17 Januari 1961 si mbali na mji huu, Tshibumba alisimamisha misalaba mitatu. Kwa alama hiyo moja akageuza habari ya mauaji kuwa hukumu. Tena, hakuishia kwa yaliyopita: picha za mwisho zinaota nchi ya siku zijazo, ambayo haimo katika hati yoyote.

Sisi tunaoshughulikia lugha tuna la kujifunza hapo. Maelezo ya Tshibumba hayakuvaa kanzu ya kuazima, na wahenga wamesema nguo ya kuazima haisitiri maungo. Lau angeyaleta darasani kwetu, tungehesabu kwanza makosa ya ngeli. Hatusemi kwamba Kiswahili sanifu kiachwe. Ndicho tunachokifundisha, na ndicho tunachoandikia kurasa hizi. Twasema tu kwamba usanifu ni chombo cha kufikishia neno, wala hauwezi kumpa mtu neno la kufikisha. Anayeandika bahari ili ampendeze mwalimu amekuwa mchoraji wa kurudia picha moja, tena bila malipo. Na mwalimu anayemsifu ndiye mteja wa sebuleni.

Basi tuwaulize wanafunzi wetu kwanza wameona nini, kisha ndipo tusahihishe ngeli. Kwa upande wangu, nimeamua kuisoma kila kazi mara mbili: mara ya kwanza, bila kalamu mkononi.