Amin Asiyehitaji Mwigizaji

Ulizia filamu ya Idi Amin katika vibanda vya video vya Busia au Tororo, utatajiwa mbili: ile ya Sharad Patel ya 1981, Joseph Olita akiwa Amin na damu ikitiririka mwanzo hadi mwisho, na ile ya 2006 iliyompatia Forest Whitaker tuzo ya Oscar. Mimi napendekeza ya tatu, ya 1974, inayopangwa rafu moja na makala za habari: Général Idi Amin Dada ya mwongozaji Mswisi Barbet Schroeder. Ukiondoa kipande kifupi cha watu waliouawa hadharani, humo hakuna cha kufumba macho. Lakini inatisha kuliko zote mbili.

Schroeder alimwachia Amin ajipambe. Jina lenyewe la filamu linaendelea kwa kusema ni picha aliyojichora mwenyewe. Amin akapanga mazoezi ya kuiteka Milima ya Golan kutoka kwa Israeli kwa vifaru na helikopta, akashindana kuogelea na kuwakata wenzake njia, akatembezwa mtoni akizungumza na wanyama. Muziki ni wake pia, kinanda cha mkono. Unacheka, na ndipo unaponaswa.

Tazama kikao cha baraza la mawaziri. Amin anafoka na kutania, mawaziri wameinama wanaandika kama wanafunzi wanaoogopa kuitwa ubaoni. Kamera inatua kwa Michael Ondoga, waziri wa mambo ya nje. Sauti ya msimulizi, kavu kabisa, inasema kwamba wiki mbili baadaye maiti yake iliokotwa katika Nile. Hakuna ngoma wala mlio wa kushtua. Kikao kinaendelea, kalamu zinaandika. Kwa sentensi moja msimulizi amekugeuzia filamu nzima: tangu hapo kila uso unaotokea unauliza kama mwenye nao alipona.

Ufundi mkubwa uko mwishoni, Amin akikutana na madaktari. Wao wanasema, yeye anasikiliza. Mhariri wa kawaida angekata kwenda kwa msemaji. Néstor Almendros, mpiga picha aliyekuja kupata Oscar kwa Days of Heaven, anabaki na uso wa Amin. Tabasamu linafifia, macho yanahama upande huu na huu. Hujui anawaza nini, na kamera haikusaidii. Ndiyo maana naomba viji, wale wanaotafsiri filamu papo kwa papo, wasiitafsiri hii kibandani. Ninawapenda kwa mbwembwe zao, ila hapa kila ukimya utakaojazwa maneno unaibiwa kazi yake.

Amin mwenyewe aliuona mtego, ingawa kwa kuchelewa. Alidai vipande vikatwe; Schroeder alipokataa, akawakusanya Wafaransa waliokuwa Uganda hotelini, akawapa namba ya simu ya mwongozaji wamsihi. Zikaondolewa kama dakika mbili na nusu, zikarudishwa baada ya utawala wake kuanguka 1979. Kwa hiyo ukiitafuta, hakikisha ni nakala iliyorudishiwa vipande. Na kama nyumbani kuna mzee aliyevuka mpaka wa Busia au Malaba miaka ile akikimbia, mwulize kwanza kama anataka kukaa nawe mbele ya skrini.